Divai ya kila siku Lubumbashi: kuichagua kwa bei nafuu na kuilinda na joto

Chupa nyingi za divai zinazomwagwa Lubumbashi ziliharibika baada ya kutoka kwa mtengenezaji. Zimepikwa na joto: ndani ya kontena lililosimama juani, kwenye rafu ya juu chini ya bati, au nyumbani, juu ya frigo. Kwa hiyo anayeanza asihangaike kwanza na majina ya zabibu. Ajue kutambua chupa iliyopikwa, anunue divai ingali changa, aiweke mahali pa baridi, aimalize mapema. Divai ya bei ndogo iliyotunzwa hivyo huishinda Bordeaux ya bei kubwa iliyokaa dirishani miaka mitatu.

Safari yenyewe ni ndefu. Divai ya Afrika Kusini hupanda kwa lori kupitia Zimbabwe au Botswana, ikavuka Zambia nzima hadi Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka mjini. Ya Ulaya hushushwa bandarini, mara nyingi Dar es Salaam au Durban, kisha nayo hupakiwa lori. Malori yakipanga foleni mpakani siku kadhaa, ndani ya kontena la chuma joto huweza kupita 40°C. Mchana divai hutanuka na kusukuma kizibo nje. Usiku hupoa, hunywea, na kuvuta hewa ndani kupitia kando ya kizibo hicho hicho. Mchezo huo ukirudiwa siku nyingi, chupa hufika imechoka hata kama lebo inang'aa. Kifuniko cha kuzungusha huzuia hewa vizuri zaidi kuliko kizibo cha gome, ingawa nacho hakizuii divai kupikwa. Ndiyo maana kwa divai ya bei ndogo hapa kwetu tunapendelea cha kuzungusha. Wanaokidharau wanafuata fasheni tu.

Ukiwa dukani

Kabla ya kusoma lebo, tazama chupa imesimama wapi. Chupa zilizopangwa mbele ya kioo cha duka, zile zilizo chini ya taa kali, na zile za rafu ya mwisho juu kabisa, ziache. Mwanga peke yake huharibu divai, hasa nyeupe na roze zilizo katika chupa ya kioo cheupe: siku chache za jua zinatosha kuipa harufu ya kabichi iliyochemshwa. Chupa ya kijani iliyokolea au ya kahawia hulinda zaidi. Iliyo bora ni ile ambayo bado imo ndani ya katoni, chini, nyuma ya depo. Omba tu: «Papa, nitolee ile ya kwenye katoni, si hii ya rafuni.» Muuzaji mzuri hakasiriki.

Kisha shika chupa mkononi. Pitisha kidole gumba juu ya kofia ya shingoni. Kizibo kinatakiwa kiwe sawasawa na mdomo wa chupa, au kimezama kidogo. Kikiwa kimevimba kwa juu, hata kwa milimita mbili, divai ilipata joto kali. Angalia chini ya kofia hiyo kama kuna mstari mkavu unaonata; huo ni ushahidi kwamba divai ilitoka. Inua chupa uangalie kiwango: katika divai changa kinatakiwa kiwe ndani ya shingo. Kikiwa kimeshuka hadi begani, rudisha.

Rangi nayo husema, lakini kwa nyeupe na roze tu, maana nyekundu huwezi kuiona vizuri ndani ya chupa ya kijani. Nyeupe ya mwaka jana inayofanana na chai imekwisha. Roze iliyogeuka rangi ya maganda ya kitunguu ina mashaka, ila ukumbuke kwamba roze za Provence, kusini mwa Ufaransa, huzaliwa na rangi hafifu, kwa hiyo linganisha chupa mbili za aina moja kabla ya kuhukumu.

Halafu mwaka. Ule ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mavuno. Divai ya kila siku hutengenezwa inywewe mapema. Haipandi thamani wala ladha kwa kukaa kabatini. Nyeupe na roze chukua za mwaka huu au mwaka jana, na miaka miwili iwe mwisho. Nyekundu ya kawaida, miaka miwili au mitatu. Afrika Kusini huvuna hasa Februari na Machi, Ufaransa huvuna kuanzia Agosti hadi Oktoba. Chupa mbili zenye mwaka mmoja huwa zimepishana nusu mwaka, na ya Afrika Kusini ndiyo yenye umri mkubwa. Kama mwenye duka anakuuzia nyeupe ya miaka sita kwa bei ya juu akisema «imekomaa», mwachie.

Maneno ya lebo, yenye maana na yasiyo na maana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. «Réserve» kwenye divai ya Ufaransa haina maana ya kisheria, na «vieilles vignes» vivyo hivyo. «Grand vin de Bordeaux» si daraja la ubora. Kiwanda chochote cha huko kinaweza kuyaandika maneno hayo. Uhispania ni tofauti: «Crianza» maana yake divai nyekundu iliyokaa angalau miezi 24 kabla ya kuuzwa, sehemu yake ndani ya mapipa ya mwaloni, na «Reserva» angalau miezi 36. Kwa hiyo Crianza ya bei ya wastani inakupa kitu halisi.

Kwa Ufaransa, ngazi tatu zinatosha kwa kuanzia. «Vin de France» inaweza kuchanganya zabibu za nchi nzima. «IGP», kwa mfano Pays d'Oc, imefungwa kwenye eneo pana, na mara nyingi jina la zabibu huandikwa. «AOP» au «AOC», kama Côtes du Rhône, ina masharti makali zaidi ya eneo, zabibu na kilimo. Masharti hayo hayamaanishi kwamba kila AOC ni tamu kuliko kila IGP. Kwa bei ndogo, IGP nzuri huipita Bordeaux ya bei hiyo hiyo, kwa sababu kwenye Bordeaux sehemu ya pesa yako inalipia jina. Kwa Afrika Kusini tafuta maneno «Wine of Origin», au WO, mfumo ulioanza 1973, yakifuatiwa na jina la eneo: Western Cape ni pana sana, Stellenbosch, Swartland au Robertson ni finyu zaidi.

Utamu ndio unaowakosesha wengi. «Sec» au «dry» ni kavu, haina sukari ya kuisikia mdomoni. «Demi-sec» ina sukari kidogo, «moelleux» na «doux» ni tamu. «Natural Sweet» ya Afrika Kusini, inayopendwa sana kwenye sherehe, ni tamu kweli, na kilevi chake mara nyingi ni chini ya asilimia 9, wakati nyekundu kavu huwa kati ya 13 na 14,5. Kwenye divai za mapovu mambo yamegeuka: «extra dry» ni tamu kuliko «brut». Brut huwa na sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, extra dry kati ya 12 na 17, demi-sec kati ya 32 na 50. Hakuna aibu kupenda tamu. Aibu ni kununua kavu kwa sababu ya sherehe halafu wageni wakaitia Fanta.

Geuza chupa usome nyuma. Ukikuta «boisson aromatisée à base de vin», au orodha yenye maji, rangi na «arôme», hicho ni kinywaji chenye divai ndani yake, kisilipiwe bei ya divai. «Contient des sulfites» isikutishe, maana karibu divai zote huwa nazo, na sheria hulazimisha maneno hayo kuanzia miligramu 10 kwa lita.

Nini cha kuanza nacho

Nunua chupa tatu tofauti, moja moja, katika wiki mbili au tatu, usinunue katoni ya kwanza kwa kuisikia sifa. Nyeupe: Chenin Blanc ya Afrika Kusini, zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote nchini humo, na ndiyo sababu bei yake ni nzuri. Ina uchachu unaosafisha mdomo, na harufu ya tofaa na pera. Nyekundu nyepesi: Côtes du Rhône, au Cinsault ukiipata. Nyekundu nzito kidogo: Merlot au Carmenère ya Chile. Pinotage, iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault, ni ya bahati nasibu katika bei ya chini. Ikitengenezwa vibaya hutoa harufu ya mpira ulioungua. Isiwe chupa yako ya kwanza.

Meza yetu ina mambo matatu yanayopigana na divai: pilipili, chumvi ya samaki, na mafuta ya mawese. Pilipili na kilevi kikali huzidishana moto. Kwa michopo ya mbuzi yenye pilipili nyingi, nyekundu ya asilimia 14,5 itakuunguza koo. Chukua roze iliyopozwa vizuri, au nyekundu nyepesi ya 12,5. Makayabu na tomson ya kukaanga hukataa nyekundu yenye tanini, ule ukavu unaokaza ufizi kama ndizi mbichi. Ukivichanganya utasikia ladha ya chuma mdomoni. Hapo weka Chenin au Sauvignon Blanc. Sombe yenye mawese na karanga inataka uchachu wa kukata mafuta, kwa hiyo nyeupe kavu tena, ingawa wengi humimina nyekundu kwa mazoea. Nyekundu nzito ibaki na nyama ya ng'ombe ya mchuzi, kando ya bukari.

Ukiona umepata inayokufaa, sasa rudi ununue chupa sita. Bei ya katoni hujadiliwa. Ya chupa moja mara nyingi haijadiliwi.

Divai ya boksi

Boksi la lita 3 ni sawa na chupa 4 za mililita 750. La lita 5 ni karibu chupa 6 na theluthi mbili. Gawa bei ya boksi la lita 3 kwa 4, ulinganishe na chupa ya ubora huo huo. Faida yake kubwa ni baada ya kufungua: mfuko wa ndani hunywea kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na divai hudumu wiki 4 hadi 6 ikiwa ndani ya frigo. Udhaifu wake ni kabla ya kufungua. Plastiki hupitisha hewa polepole, kwa hiyo boksi halifai kupita mwaka mmoja tangu lijazwe, na kwenye joto muda huo hupungua sana. Tafuta tarehe iliyopigwa muhuri chini au ubavuni. Kama haipo, au imefutika, usinunue. Na bonyeza mfuko kupitia tundu la bomba: ukiwa umevimba kwa hewa, umeharibika.

Kuihifadhi nyumbani

Divai inataka kati ya 10 na 15°C, pasipobadilika. Nyumba ya kawaida Lubumbashi haina mahali hapo mwaka mzima, ila inakaribia. Juni na Julai usiku hushuka chini ya 10°C, na chumba cha ndani hubaki baridi bila kufanya lolote. Shida ni Septemba hadi mvua zishike, hasa Oktoba, mchana ukipita 30°C. Kanuni yetu ni hii: katika miezi hiyo usiwe na akiba kubwa kuliko utakayoimaliza ndani ya wiki nne. Katoni kubwa zinunuliwe Mei, zinywewe hadi Agosti.

Kuchagua mahali, tumia kipimajoto cha kawaida. Kitie ndani ya glasi ya maji, maana maji hubadilika polepole kama divai, hewa hukudanganya. Iweke glasi pale unapopafikiria, usome alfajiri na saa tisa mchana kwa siku tano. Tofauti ikizidi digrii 5, jaribu pengine. Mara nyingi atakayeshinda ni sakafu ya saruji ya chumba cha katikati, chini ya kitanda au nyuma ya kabati, mbali na ukuta wa upande wa machweo, ambao hunyonya jua la alasiri na kulitoa usiku. Wanaoshindwa daima ni jikoni karibu na mbabula, juu ya frigo (mota yake hutoa joto), na stoo ya bati uani. Ndani ya gari usiiache hata saa moja.

Chupa yenye kizibo cha gome ilaze, ili kizibo kibaki na unyevu kisinyauke. Ya kifuniko cha kuzungusha isimame au ilale, ni sawa. Sanduku la frigoliti, lile la samaki, likioshwa na kukaushwa hadi harufu iishe kabisa, hupunguza sana kupanda na kushuka kwa joto. Weka chupa ndani pamoja na chupa mbili za maji baridi, ufunge. Asubuhi badilisha maji hayo.

Kwa wasio na frigo, kuna mtungi mara mbili. Chukua chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, na kidogo kinachoingia ndani yake kikibakiza nafasi ya sentimita 3 hadi 4 pande zote. Weka mchanga chini, simamisha chungu kidogo juu yake, jaza mchanga katikati, mwagia maji hadi mchanga ulowe bila kuelea. Ingiza chupa, funika kwa gunia lililoloweshwa, weka kivulini penye upepo, uongeze maji asubuhi na jioni. Maji yanapovukizwa hubeba joto. Katika hewa kavu ya Septemba na Oktoba mtungi hushusha digrii kadhaa; mvua zikianza, hewa imejaa unyevu na mtungi haufanyi kazi tena, lakini hapo joto la mchana nalo limepungua. Lebo zitalowa na kubanduka, kwa hiyo andika jina na mwaka kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo.

Frigo ya nyumbani, yenye 4 au 5°C, haiharibu divai ya kawaida kwa miezi miwili au mitatu. Umeme ukikatika usiifungue ovyo. Ikifungwa hushika baridi kama saa nne, na divai kupanda kutoka 5 hadi 12°C kisha kurudi haidhuru. Kinachoua ni 30.

Kuipoza na kuimimina

«Nyekundu hunywewa kwa joto la chumba» ni kanuni ya nyumba za mawe za Ulaya za zamani, zenye 16 au 18°C. Chumba chako Oktoba kina 28, na kwa joto hilo nyekundu hunuka kilevi tu. Iingize frigoni dakika 30 hadi 40 kabla ya chakula. Nyeupe na roze zinataka 8 hadi 10°C, yaani karibu saa tatu frigoni kama chupa ilikuwa na joto la mchana. Haraka zaidi: ndoo yenye nusu barafu nusu maji na konzi moja ya chumvi, dakika 20, chupa izame hadi shingoni. Barafu bila maji ni polepole, kwa kuwa haigusi chupa pande zote. Kwenye frizeri usipite dakika 40, weka saa ya simu ilie. Divai huganda karibu na -6°C, hutanuka, na kusukuma kizibo au kupasua kioo.

Baada ya kufungua, adui ni hewa. Funga mara moja, weka frigoni, hata nyekundu. Nyeupe na roze hudumu siku 3 hadi 5, nyekundu nyepesi siku 2 au 3, nzito hadi 5. Ukijua utakunywa nusu tu, fanya hivi tangu mwanzo: mara tu baada ya kufungua, jaza chupa ndogo safi ya kioo ya mililita 330 hadi ukingoni kabisa, ifunge vizuri, iende frigoni. Hiyo haina hewa juu yake, na huweza kukaa wiki nzima.

Ikiwa ladha si sawa

Harufu ya katoni iliyolowa au stoo yenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo. Hauna dawa, wala si kosa la muuzaji, lakini chupa hiyo irudishwe siku hiyo hiyo ikiwa bado imejaa. Harufu ya yai bovu, hasa kwenye kifuniko cha kuzungusha, mara nyingi huondoka: mimina kwenye jagi, subiri dakika 20, onja tena. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha maana yake bakteria wameshaanza kazi. Ladha ya matunda yaliyopikwa, zabibu kavu na karameli katika divai ya mwaka jana ndiyo alama ya joto. Mapovu madogo yanayochoma ulimi katika nyeupe changa ni kawaida; katika nyekundu kavu ya zamani kidogo, kuna uchachukaji mpya umeanza ndani ya chupa. Chembe zinazong'aa kama sukari chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya tartariki tu, hazina madhara. Mimina taratibu zibaki chini.

Iliyopikwa na joto, au iliyokaa wazi siku moja zaidi ya ilivyotakiwa, bado inafaa jikoni. Kwa kilo moja ya nyama ya mbuzi tumia mililita 250 za nyekundu, kitunguu, vitunguu saumu na jani la ndimu, ilale frigoni usiku mmoja, isizidi saa 12 maana uchachu huanza kuikausha nyama. Inayobaki igandishe kwenye vifinyango vya barafu. Kimoja huwa na karibu mililita 20, na vitatu vinatosha sufuria ya mchuzi. Ile yenye harufu ya kizibo usiipikie, imwage.